Fomu Nne za Pomboo Mmoja

Tarehe 9 Februari

Kwako mdogo wangu wa mwisho,

Nakusalimu kwa upendo wote, nikiamini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako mwenyewe. Huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Shemeji yako anakusalimu. Goti lake limemfundisha kutulia nyumbani, jambo ambalo mimi nimeshindwa kumfundisha kwa miaka ishirini na sita. Paa la jikoni bado linavuja juu ya meza, na fundi haji, basi tumehamisha meza.

Deli lako la sampuli ya Januari limefika juma lililopita saa nne asubuhi, barafu bado ngumu. Kama kawaida nimekimbilia mfuko wa fomu kutafuta barua kabla hata sijalitazama ini. Dada wa mapokezi ya maabara akasema, "Mama Chupa, wewe ndiye mtu pekee hapa anayefurahi pomboo akifa." Wote wakacheka, na mimi nikaomba toba kimoyomoyo, maana amesema kweli. Lakini safari hii barua haikuwemo. Fomu tu, ini na jino. Nimekung'uta mfuko mara mbili.

Sasa nikuulize jambo, na usinikasirikie. Unaijua kazi yangu. Wewe huko kituoni unampima kila pomboo anayekutwa amekufa ufukweni, unakata kipande cha ini, unang'oa jino. Mimi huku naosha chupa kwa asidi, nakata kwa kisu cha kauri, napima uzito, naandika daftarini, kisha mtafiti wetu, yule tunayemwita Miwani, anasoma kwenye mashine sumu ya zebaki imefika wapi. Pomboo anakula samaki wale wale tunaokula sisi, kwa hiyo kilicho ndani yake kinatuambia kilicho ndani yetu. Hayo ulinieleza wewe, siku ulipopata kazi hiyo.

Tangu Oktoba umeleta pomboo wanne kutoka ghuba yenu. Wote zebaki yao ni ndogo, na wote wamekaribiana kama mapacha. Miwani amefurahi. Mimi nimefurahi pia, halafu nikaacha kufurahi, na sijui niseme vipi. Uliwakuta sehemu gani? Nieleze tu, kila mmoja ulimkutaje.

Dadako anayekuombea.


Tarehe 2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, na nyumba imejaa kelele za furaha. Kaa chini kwanza: unaitwa bibi. Mwanangu mkubwa ana mimba ya miezi mitatu. Mumewe anatembea kama aliyepewa uwaziri. Mama yake, yaani wifi yako, amechaguliwa mwenyekiti wa wauza samaki wa soko letu, basi siku hizi hata chumvi tunaomba kwa kuinua mkono.

Binti hataki nyama, hataki maharage, hataki mayai. Anataka samaki wakubwa, papa na nduaro, tena minofu minene. Nampelekea mwenyewe kila baada ya siku mbili, kabla sijaingia kituoni. Akiniona na mfuko anacheka kama alivyokuwa na miaka minne.

Barua sikuweka kwa sababu dereva wa basi alikuwa anapiga honi. Na kuhusu hao pomboo, dada, bahari ni moja, chakula chao ni kimoja, wasifanane kwa nini? Wewe na mimi si tunafanana masikio? Niliwakuta ufukweni, kama wote. Usiumize kichwa.

Msalimie shemeji na goti lake. Mwambie fundi aje kabla mvua hazijaja.

Mdogo wako.


Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu, baba wa mama kijacho,

Nimeisoma habari ya mimba kwa sauti, shemeji yako akanyanyuka bila kukumbuka goti, akalikumbuka alipokwisha kusimama. Kwenye ibada ya kina mama nimemtaja mwanao. Tumemwombea sote, kuanzia nywele hadi kucha. Mwambie shangazi yake anamfumia mtoto sweta dogo, rangi ya maziwa, maana sijui atakuja nani.

Hongera nyingi kwa wifi. Mwambie nami nainua mkono.

Umenijibu kwa utani na mimi napenda utani wako, lakini hukunijibu. Basi nikueleze nilichokiona, uone kwa nini naumiza kichwa. Nusu ya kila ini huwa naibakiza kwenye friza kwa ajili ya kupima upya. Siku ile ya deli la nne nilitoa vipande vyote vinne nivipange trei moja. Kisu chako kina pengo. Sijui kama unajua. Pengo hilo linaacha mkwaruzo mmoja mrefu pale kinapopita. Nilivyoviweka karibu, mkwaruzo ulitoka kipande cha Oktoba ukaingia cha Novemba, ukaendelea Desemba, ukamalizikia Januari. Vilikaa pamoja kama vipande vya sahani moja iliyovunjika.

Nimerudisha trei ndani, nikafunga mlango wa friza, nikasimama nimeuegemea kama mtu anayezuia mwizi asitoke.

Ripoti inatoka mwezi ujao. Niambie nimeona vibaya. Mimi ni muosha chupa, shule yangu unaijua ilipoishia. Ukiniambia nimekosea nitakuamini.

Dadako.


Tarehe 28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Binti yuko mwezi wa tano, mtoto ameanza kucheza. Mvua zimeanza.

Ripoti imefika huku. Muuguzi mkuu wa zahanati amebandika tangazo mlangoni kwamba ghuba yetu ni salama, wajawazito wanaweza kula samaki wowote. Soko lilishangilia. Wifi yako alilia mbele ya watu, na unajua yeye si mtu wa kulia. Wiki nzima hakuna aliyerudi nyumbani na samaki wa kubaki.

Kuna maswali, dada, ukimuuliza mtu unamvua nguo. Nakuomba usiniulize tena. Niombee tu.

Mdogo wako.


Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku tano. Sisi wazima. Fundi amekuja, amepandisha mabati, paa sasa linavuja upande mwingine. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Umesema nisikuvue nguo. Basi ngoja nianze kujivua mimi, maana kuna kitu nilikuficha tangu barua ya kwanza.

Miwani huwa anakata jino la pomboo jembamba kama karatasi, anaangalia kwenye hadubini, anahesabu mistari. Mstari mmoja, mwaka mmoja. Jino lako la Oktoba lilikuwa na mistari miwili: mtoto mdogo. Na mtoto hajala samaki wa kutosha kubeba zebaki. Zebaki haitoki upesi ikishaingia, inalundikana, mwenye miaka mingi ndiye anayebeba nyingi. Hata mimi hilo nalijua.

Yale meno mengine matatu Miwani hakuyaona. Niliyaficha. La Novemba lilipofika niliona linafanana na la kwanza mno, nikahisi jambo, nikaogopa. Ni mimi niliyekuombea hiyo kazi, nikaenda hadi ofisini kwa mkubwa nikasema, huyu ni mtu mwaminifu, nimemlea mimi. Basi kwenye safu ya meno nikaandika "halikuja." Desemba pia: "halikuja." Januari vilevile. Nikasaini mara tatu kwa mwandiko wangu ule ule ambao Miwani humwonyesha kila mgeni akisema, tazameni daftari la Mama Chupa, halina kosa. Miwani hawezi kuhesabu miaka ya jino ambalo halikuja. Hivyo wakawa pomboo wanne, watatu wao wasiojulikana umri, kumbe wote ni mtoto mmoja.

Na nilikuandikia Februari kwa upole, kana kwamba ni wewe peke yako mwenye la kusema.

Jumapili iliyopita kina mama waliniomba niongoze sala. Nilifungua mdomo ukawa mkavu. Nikasema nina mafua. Nimedanganya nikiwa nimesimama pale pale, na wenzangu wakaniombea nipone. Nilitamani sakafu inimeze na viatu vyangu.

Nakuuliza mambo mawili tu. Kwa nini? Na bado unampelekea mwanao wale samaki?

Dadako.


Tarehe 19 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa barua ya Aprili.

Pomboo walikuwa wawili. Wiki moja ya Oktoba, siku mbili tu kati yao. Wa kwanza ni yule mtoto. Wa pili alikuwa jike zee, mkubwa ajabu, ngozi imejaa makovu, meno yamelika mpaka karibu na fizi. Nilipomwona tu nikajua ripoti itakuwaje. Nilikaa mchangani karibu na kichwa chake nikamwambia, kama mwendawazimu, kwa nini umekuja kufia kwangu.

Unakumbuka miaka miwili nyuma, ghuba jirani ilipotangazwa ina zebaki? Tangazo lilisema wajawazito na watoto wadogo wapunguze samaki wakubwa. Basi, hayo tu. Lakini wanunuzi hawakusoma hadi mwisho. Walihama wote, hata dagaa hawakununuliwa. Wanawake wa soko lile walikuja kwetu kuomba nafasi ya kukaa, na wifi yako ndiye aliyewafukuza, akarudi nyumbani hakula. Tangu hapo akiniona na deli ananiuliza, "Huyo umebeba nini, habari njema au mbaya?" Anasema kwa kucheka. Mimi nasikia mwenyewe kilicho chini ya kicheko.

Nilimkata yule jike kama inavyotakiwa, nikamzika, ini na jino nikavitia chini kabisa ya friza ya kituo, chini ya mabarafu. Mkuu wa kituo alitaka fomu nne kabla ya kufunga kazi ya msimu. Na hakufa mwingine. Nikamgawa yule mtoto. Kila mwezi kipande kimoja na tarehe mpya. Nilijua ni wewe unayepokea, na nilijua hutanitangaza. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Nilikutumia kama ngao.

Nakuletea sasa deli. Humo mna ini la jike na jino lake, na fomu yake ya kweli yenye tarehe ya kweli. Nimeandika pia karatasi moja kwa mkono: pomboo watatu kati ya wanne niliowaandika hawakuwahi kuwepo. Nimesaini jina langu kamili. Mpe Miwani, au usimpe. Mimi sina tena uso wa kukuchagulia.

Wifi yako hajui. Bado hajui.

Mdogo wako.


Tarehe 3 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Shemeji yako ndiye aliyenisindikiza hadi lango la maabara siku deli lako lilipofika, goti na yote, hakuniuliza kitu, akaniambia atakaa kwenye benchi la nje mpaka nitoke. Alikaa saa tatu.

Nilimpa Miwani karatasi yako kwanza, kisha daftari langu, nikamwekea kidole pale nilipoandika "halikuja," mara tatu. Meno yenyewe nilimtolea kwenye bahasha. Alisoma. Akavua miwani. Sijawahi kumwona bila miwani, ana macho madogo kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. Akaniuliza, "Mama Chupa, umekaa nayo hii tangu lini?"

Nikamwambia nimeshuku tangu Novemba, nimejua tangu Februari.

Akahesabu kwa vidole, polepole, hadi Mei. Akasema, "Mimba ni miezi tisa."

Basi. Hakupaza sauti. Laiti angenitukana ningepata cha kushika. Alivaa miwani yake akaenda mwenyewe kuosha chupa, kazi yangu mimi, nikabaki nimesimama namtazama mgongo.

Majibu yametoka juzi. Jino la jike lako lilikuwa na mistari thelathini na moja. Zebaki ya ini lake inaizidi ya yule mtoto mara nyingi sana. Mzee kuwa na zebaki si ajabu, Miwani anasema, lakini huyu amewazidi hata wazee wa ghuba jirani. Ripoti imefutwa. Tangazo jipya linasema wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo waache papa, nduaro na wakubwa wenzao. Dagaa na samaki wadogo hawana neno, hilo limeandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa, nililiomba mimi, kwa ajili ya wifi. Sikuwa na haki ya kuomba kitu, lakini niliomba.

Mimi nimeondolewa kwenye sampuli. Nimepewa ufagio na ukumbi wa wageni mpaka kikao kikae. Dada wa mapokezi haniiti tena Mama Chupa, ananiita mama tu, na anaangalia kalamu yake. Ninastahili. Nimeungama pia mbele ya kina mama wa ibada. Wengine wamenikumbatia, wengine wamehamisha viti.

Sasa lako. Juma lijalo Miwani anakuja huko, na yeye na muuguzi mkuu wataita wajawazito wote wa ghuba. Zebaki ya mtu inasomeka kwenye nywele, wanakata kishungi kidogo nyuma ya kichwa, karibu na ngozi. Nilimsihi akuache, nikasema mtu mwingine akate. Akanijibu kwamba wewe ndiye unayejua kukata sampuli huko, na wanawake wana haki ya kuambiwa na aliyewaficha. Utasimama pale, utasema, kisha utakata.

Mwambie wifi kabla ya siku hiyo. Mwambie wewe, asisikie sokoni.

Na lile swali langu la pili, la samaki wa mwanao, hujanijibu. Sirudii kuliuliza. Ila wewe unajua kuwa nimeona hukulijibu.

Dadako.


Tarehe 21 Juni

Dada yangu,

Shikamoo wewe na shemeji. Tuko hai.

Nilimwambia wifi yako siku tatu kabla. Alikuwa anaparua samaki magamba. Hakusimamisha kisu. Alimaliza yule, akachukua mwingine, akasema, "Miezi yote hii nimekuwa nawaita wateja kwa jina la Mungu." Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya nyumba tu: mlango, maji, funguo. Uenyekiti ameurudisha mwenyewe. Ila alikuja zahanati, akasimama nyuma kabisa, na wanawake wa soko walimpisha.

Wajawazito walikuwa ishirini na watatu. Benchi hazikutosha. Miwani wako ni mtu wa maneno machache, alieleza kidogo kisha akanipa nafasi. Nilisema yote. Kwamba pomboo walikuwa wawili, nikamficha mmoja na kumgawa mwingine. Kwamba tangazo la mlangoni lilikuwa la uongo na uongo ni wangu. Nilitegemea watapiga kelele. Badala yake mama mmoja jirani yangu aliuliza kama nilikuwa nasalimia watu hivi hivi asubuhi huku najua. Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi nilikuitikia."

Halafu nikaanza kukata. Muuguzi anaandika majina, mimi nakata, natia kwenye bahasha. Wawili walikataa nisiwaguse, muuguzi akawakata yeye. Mmoja alinishika mkono akasema Mungu akusamehe, na hilo lilikuwa gumu kuliko wale wawili.

Miwani amesema majibu yatachukua wiki tatu, na kwamba wakiacha sasa inapungua kidogo kidogo, lakini miezi iliyopita haifutiki. Nakueleza kama alivyosema, sikuongeza, sikupunguza.

Mwanangu alikaa mwisho. Yuko mwezi wa saba sasa, alikaa kwa taratibu, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Swali lako la pili, dada, sikulijibu kwako kwa sababu ukishaliandika jibu halifutiki. Ameliuliza yeye, kwa namna yake. Hakugeuka kunitazama. Alisema kwa sauti ndogo, mimi tu na muuguzi tukasikia.

"Baba, asubuhi zile unaniletea samaki, ulikuwa unajua?"

Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa na majibu ya mashine, kwamba ini lilikuwa bado kwenye friza, kwamba alikuwa anacheka nikifika na mimi nilikuwa napenda kicheko kile. Yote ni kweli, dada. Lakini hakuuliza hayo.

Nikasema, "Nilikuwa najua."

Mwanangu akainamisha kichwa, akazikusanya nywele zake juu kwa mkono mmoja, akaniachia shingo nikate.

Mdogo wako.